Mjomba Method apokea mahari Newmarket

Gaude, acha kila kitu usome. Mjomba Method ametumaliza. AMETUMALIZA.

Tuko kwenye treni tunarudi London na hakuna anayemtazama mwenzake.

Si unajua leo tulikwenda Newmarket kwa wazazi wa Hugo, mchumba wa dada Valeria? Kamji kazuri hako, farasi wanapita barabarani wameng'aa kuliko sisi. Hao wakwe ndiyo kazi yao, wanazalisha farasi wa mashindano.

Basi baba Hugo akatuonyesha dume lake, jeusi tii. Akasema kwa fahari kwamba mwenye jike ndiye anayelipa ili dume limpande.

Mjomba akaganda. Yeye ndiye amepokea mahari za mabinti wote wa ukoo, hajawahi kusikia upande wa mwanamke unalipa! Akaona kabisa hapo anasemwa Valeria.

Akavua kofia. "Mzee, kama ndiyo desturi yenu, binti yetu tunarudi naye leo hii."

Gaude. Mbele ya farasi mwenyewe.

Valeria alitamani ardhi ipasuke. Hugo akajifanya anafunga kamba za viatu. Baba yake akacheka mpaka akakohoa, halafu akauliza, "Kwenu nani analipa?"

"Wewe," akasema Mjomba, kisha akaelekeza kidole kwa lile dume. "Na tunamtaka huyu."

Tukadhani utani. Mzungu akampa mkono!

Sasa Mjomba ananiuliza, taratibu kabisa, kama farasi anaweza kupanda ngazi za flati yetu Thornton Heath.

Ghorofa ya tatu, Gaude.