Kasha Chini ya Kapeti

Jumatatu, 15 Aprili

Salamu kwa ukurasa huu, na samahani nyingi. Nimekaa kimya tangu Pasaka imalizike. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa mvivu. Mapadri walionifundisha kuandika kila jioni wasingeupokea udhuru huo.

Mvua imenyesha usiku kucha, bomba halitoi kitu. Hayo ndiyo maisha ya Kimara. Nimekwenda kisimani na gari, nikarudi na madumu mawili. Huyaweka mbele, sakafuni, upande wa abiria. Tangu mke wangu Martina afariki hakuna akaaye pale. Shemeji Paulina, mdogo wake, tunayeishi naye, hukaa nyuma apate kunyoosha miguu.

Gari limezimika mara mbili njiani. Taa ya injini imewaka na haikuzimika. Kesho ni siku ya Shemeji kusafishwa damu. Sijamwambia.

Jumanne, 16 Aprili

Gari limekataa. Stata inazunguka, injini haishiki.

Tumekwenda kwa bajaji, maana teksi hazikubali kushuka korongo letu mvua ikinyesha. Kwenda kulikuwa kugumu. Kurudi kulikuwa kubaya. Akitoka kwenye mashine shinikizo la damu hushuka, naye hawezi kutikiswa. Ametapika kabla ya Ubungo. Baadaye akazirai begani kwangu, na dereva akasimama pembeni akinitazama kana kwamba mimi ndiye daktari.

Jioni amesema, akitazama ukuta: "Shem, kwa bajaji siendi tena. Bora nibaki hapa hapa na Mungu wangu."

Namfahamu. Dada yake alikuwa hivyo hivyo; neno likishatoka halirudi. Pasipo gari hatakwenda, na asipokwenda atakufa. Naandika wazi kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia.

Jumatano, 17 Aprili

Amekuja Fundi Kessy, fundi umeme wa magari wa hapa mtaani. Amepima plagi, hakuna cheche. Pampu ya mafuta hainguruni. Amesema tatizo ni kontroli boksi, kasha linaloiamuru injini. Nimekuwa na gari hili miaka mingi bila kujua kwamba lina kitu cha namna hiyo. Nimemwomba radhi kwa ujinga wangu.

Akafungua nyuma ya kijaluba cha dashibodi, mahali ambapo, kwa maelezo yake, magari mengi huliweka. Hakuna. Akatafuta chini ya boneti. Hakuna. Akajifuta mikono.

"Mzee, pole. Umeibiwa. Siku hizi wanazitoa hizo kama karanga."

Shemeji alikuwa barazani na kanga mabegani. "Mwizi gani huyo," akasema, "aache vioo vya pembeni na redio, achukue kitu ambacho hata mwenye gari hakijui? Na jana kutwa gari lilikuwa ndani ya geti!"

Kessy akacheka. "Bibi, wewe ungekuwa polisi."

"Ningekuwa polisi ningekukamata wewe kwanza."

Ni mara ya kwanza tangu jana kumsikia akitania. Nimefurahi, kisha nimeona vibaya kufurahi. Hoja yake ilikuwa ya haki: juzi gari lilitembea, na bila kasha hilo lisingetembea, na tangu hapo halijatoka getini. Basi limo. Kessy amekubali, kwa shingo upande. Giza likatukuta hatujalipata.

Alhamisi, 18 Aprili

Limepatikana.

Kessy alirudi asubuhi akasema leo atafuata nyaya, popote ziendapo. Fungu nene linatoka kwenye injini, linapenya ukuta wa mbele, kisha linapotelea upande wa abiria. Hapo akakwama. Jua lilikuwa kali barazani, Shemeji akaomba akae garini. Akakaa kiti cha mbele. Miguu yake imevimba, viatu havimtoshi tena, kwa hiyo aliikanyagisha mitupu sakafuni.

"Shem," akasema, "kapeti lako linatoa maji kama dodoki. Na hapa chini pana kitu kigumu kama sinia."

Kessy akaja mbio. Akamtoa taratibu, akalifunua kapeti. Bamba la chuma. Chini ya bamba, kasha la rangi ya fedha, dogo kuliko Biblia yangu. Meno ya plagi zake yalikuwa na kutu ya kijani.

"Mzee, haya maji yametoka wapi?"

Madumu. Kila nilipopanda korongo yalimwagika kidogo, nami nilidhani yanakauka. Kiti kilikuwa kitupu na nikaona ni mahali pazuri pa kuweka maji. Nimemjibu kwa adabu. Kisha nimekwenda kusimama nyuma ya nyumba.

Ijumaa, 19 Aprili

Leo ilikuwa zamu yake nyingine ya mashine. Hakwenda hospitali. Nimemsihi kwa magoti, mzee mzima. Amekataa.

Kessy amelipeleka kasha kwa mwenzake Gongo la Mboto, anayelehemu vyombo vya umeme. Amejaribu kwanza kutafuta jingine lililokwisha kutumika. Namba zake hazilingani na za letu.

Shemeji analala ameketi. Akilala chali pumzi inakatika. Ninaogopa.

Jumamosi, 20 Aprili

Hakuna habari. Uso wake umevimba. Ameniuliza mbona nazunguka uani kama kuku anayetaka kutaga.

Jumapili, 21 Aprili

Sikwenda kusali, Mungu anisamehe. Sikuthubutu kumwacha peke yake.

Alasiri Kessy amekuja na kasha limefungwa kwenye fulana safi. Limesafishwa kwa spiriti, limelehemiwa upya. Akalifunga juu zaidi, mbali na sakafu. Injini ikashika. Sikuamini masikio yangu.

Kisha akanivuta kando. Kasha bado ni gonjwa. Injini ikiwa ya moto halafu ikazimwa, haitawaka tena mpaka ipoe kabisa, pengine kesho yake. "Ukifika usizime, Mzee. Ukizima, mtalala huko huko." Akanijazia tangi, akakagua maji ya rejeta, akakataa chai.

Nimepiga simu hospitali. Wamesema nimlete kesho alfajiri, watamwingiza kabla ya wengine.

Nimemweleza Shemeji yote, pamoja na ugonjwa wa kasha. "Haya," akasema. "Wagonjwa wawili tupelekane."

Jumatatu, 22 Aprili

Naandika nikiwa garini, uani mwa hospitali, injini ikiunguruma. Mwandiko unatetemeka kwa sababu hiyo.

Tumefika salama. Alikaa mbele na kushika mpini wa mlango njia nzima. Manesi walimpokea kwa kiti cha magurudumu. Daktari amesema tungechelewa siku moja zaidi asingeahidi kitu. Sasa yuko kwenye mashine.

Tangu siku yake ya kwanza hapa, nimekuwa nikikaa pembeni ya kitanda chake mpaka amalize. Husema, "Kuna nini cha kunitazama?" lakini akifumbua macho hunitafuta. Leo siwezi. Nikizima gari atarudi kwa bajaji, na nikiliacha linaunguruma peke yake halitakuwapo.

Mlinzi alikuja akagonga kioo. "Shikamoo, Mzee. Mbona unaunguza mafuta bure?" Nikamweleza. Akalitazama boneti, akanitazama mimi, akaenda kuondoa koni ili nisogee kivulini. Baadaye akaniletea maji ya kunywa.

Nimechana karatasi moja ya daftari hili na kumwandikia Shemeji. Nimemtaka radhi kwa kutokuwapo karibu naye, nikamwambia nipo nje, chini ya ukuta wa maabara, na kwamba akisikiliza vizuri dirishani atanisikia. Manesi wana kazi nyingi, sikupenda kuwasumbua. Mlinzi, Bwana Selemani, ameipokea kwa mikono miwili. Ndiye atakayeipeleka.