Namba ya Harusi Yenu

Pécs, 2 Juni 2003

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na Szilárd hatujambo, ila yeye mafua ya chavua hayamwachi. Goti lako je? Mama kanipigia simu akasema bado unapanda ngazi kupogoa mcheri, nami nimeshachoka kukukataza.

Kanieleza pia kwamba hutaki kuja harusini kwangu. Kwamba uliandika mwaka, mwezi na siku mfululizo, ukapata 20030712, ukasema namba hiyo inagawanyika kwa mbili, kwa tatu, hata kwa nane, na eti ndoa ya namna hiyo haifiki Krismasi. Baba, hiyo ndiyo Jumamosi pekee ambayo ukumbi ulikuwa wazi. Szilárd, ambaye ni fundi saa na hesabu zako hazimwingii, aliuliza kama mzee anatania. Nikamwambia mzee wangu hatanii na namba.

Ikabidi nimsimulie yenu. Kwamba ulimwoa Mama siku ya Jumatano, ndugu wakinung'unika kuacha kazi, kwa kuwa 19720823 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kwamba uliigawa kwa mkono kwa kila namba tasa hadi ukavuka 4,400, daftari zima likajaa, kisha ukaichongesha ndani ya pete zote mbili. Tangu hapo walimu wenzako hawajapumua kwa majigambo yako.

Sasa naomba ukae kitini. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nililikuta lile daftari, nikarudia hesabu zako moja moja ili na mimi nijione mwalimu. Kwenye 53 ulitoa 477 katika 482 ukaandika 15. Ni 5, Baba. Ulisahau kukopa. Ukirekebisha hapo, hakuna baki. Namba yenu inagawanyika.

Nilimkimbilia Mama jikoni. Akasema analijua hilo tangu akiwa na mimba yangu, na nifunge mdomo, maana ukisikia utamburuta ofisi ya ndoa mara ya pili, na yeye supu ya kuku ya watu mia hapiki tena. Nimenyamaza miaka kumi na sita. Naona haya kukuficha, lakini ndoa yenu nimeishi ndani yake, na sijaona ufa.

Namba yenu ni 53 mara 607 mara 613. Zote tatu ni tasa. 607 na 613 zinafuatana, hakuna tasa nyingine inayoingia katikati, na daftarini uliziruka zote mbili kwa pamoja. Hao ni wewe na Mama. Ile ndogo, 53, ni mimi, yule uliyemkosea hesabu ukampita.

Usinipite tena tarehe 12 Julai. Mama keshakata tiketi mbili za treni, na kasema ya pili harudishi.

Szilárd anakusalimu kwa heshima zote.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Boglárka