Pengo Langu Mbele ya Afande

Mjukuu wangu Nashipae,

Huku Adelphi, Marekani, sote wazima. Shangazi yako bado anatunza wazee kule Silver Spring, na baridi tumeizoea, hasa mimi.

Unasema polisi wanataka kuajiri Wamaasai zaidi, lakini unaogopa pengo la meno yako ya chini litakukosesha kazi kwenye usaili wa Jumamosi. Sikiliza. Nami niliwahi kupanga foleni hiyo. Kwa mbio niliwaacha wote, hata gari la afande. Ila pengo nililionea haya, nikaliziba kwa meno mawili ya nta ya nyuki. Jua likawaka. Afande akasema, "Fungua kinywa!" Nta ikanishukia kidevuni.

"Unatafuna nini, kijana?"

"Meno yangu, afande."

Alicheka hadi kofia ikamdondoka, kisha akanifukuza kwa kosa la udanganyifu. Nyuma yangu alikuwa Lemayian, mwenye pengo kama langu. Naye akaulizwa meno yake yako wapi.

"Yaling'olewa utotoni, afande. Kwetu ndivyo tunavyofanya."

Akaandikwa palepale, na amestaafu akiwa mkuu wa kituo. Mimi ningekuwa mkuu wake, hilo hata yeye analijua.

Basi Jumamosi ukiambiwa ufungue kinywa, kifungue chote.

Babu yako,
Parsaloi