Klachi Haichakai kwa Kwenda Mnadani

Mitundu, Ijumaa baada ya swala

Wifi yangu Zena,

Shikamoo. Assalaam alaykum. Goti linaendeleaje? Nilikuacha unalipaka mafuta ya nyonyo asubuhi na jioni, sijui kama limekubali kukunja au bado unaswali umekaa kwenye kiti. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila moshi wa jiko la shule unanila macho. Watoto wa bweni ni wengi mwaka huu, na mwiko ninaosongea ugali wao umenizidi kimo.

Nimekuandikia kwa mkono, barua nimempa mwalimu wetu anayekuja huko kwenye semina, kwa sababu simu yako haisikiki mpaka uweke sauti ya nje, na haya si maneno ya kusikilizwa na uwanja mzima. Isome ukiwa peke yako. Mdogo wako, huyu mume wangu, asiione.

Wifi, ni ile klachi.

Unakumbuka likizo ya mwezi wa sita nilikuta pikipiki yetu inanguruma tu, mwendo hamna. Mume wangu akataka aipeleke mjini mwenyewe, hivyo hivyo taratibu. Nikasema hapana, fundi Sungi aje aifungulie hapa nyumbani. Sikuwa na baya moyoni. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna mafundi wa mjini, ukienda kununua maji, wanakufungia pleti kuukuu za klachi ya mtu mwingine, basi nikataka nione kwa macho yangu. Baba Salma akakunja uso. Nikasema labda ni jua.

Wewe ulikuwa jikoni, kwa hiyo hukuona yote. Fundi aliilaza pikipiki ubavu juu ya gunia ili oili isimwagike, akafungua bolti za kava moja moja, akizipanga kwenye mfuniko wa sufuria yangu. Kava ilipotoka, ile harufu, wifi, ni ya maharage yaliyoshika chini. Mimi ni mpishi, kitu kilichoungua sifichwi. Akanipa pleti moja mkononi. Vile vipande vya kahawia vinavyoshika vilikuwa vimekwisha kabisa, vimebaki vyeusi, na zile za chuma zinazokaa katikati zimegeuka bluu kwa moto.

"Mama Salma," fundi akasema, "hii pikipiki inapanda wapi?"

"Ipande wapi? Inakwenda mnadani Ilongero na kurudi. Na msikitini."

Akacheka. "Msikiti wenu uko juu ya mlima gani? Klachi hii niliifunga mimi mwaka jana. Kwa safari za Ilongero ingemngoja mjukuu wako aje aiendeshe."

"Alizeti," Baba Salma akadakia. "Magunia ya alizeti, na ule mchanga wa bondeni."

"Alizeti gani, shehe? Mwaka huu si tumevuna ya kukaangia mayai tu."

"Fundi, nimekuita ufunge klachi au uchunguze habari zangu?"

Na hapo hapo wewe ukatoka na sinia, ukasema chai inapoa. Chai ilikuwa haijachemka, wifi. Niliinywa, vuguvugu, majani yanaelea juu. Lakini niliona ulivyomkatiza fundi.

Kuna na jingine. Fundi alikuwa ameloweka pleti mpya kwenye oili, akauliza habari ya springi. "Nirudishe hizi hizi, au niweke ngumu? Ngumu zinabana vizuri ukiwa na mzigo, ila mkono utachoka kuvuta." Mtu wa mnadani na msikitini angesema rudisha hizo hizo. Mdogo wako alijibu kabla fundi hajafunga mdomo: "Weka ngumu." Mavuno yamekwisha, ghala tumeshafagia. Mzigo gani?

Nikarudi Mitundu na donge hilo. Nikaomba toba, maana kumdhania mtu vibaya ni dhambi, na huyu tumelala kitanda kimoja miaka ishirini na mbili. Nikakaribia kusahau. Sasa juma lililopita akaja dereva wa lori linaloleta maharage ya shule. Anashusha magunia, ananiambia, "Mama Salma, mzee wako nimempita mlima wa Sekenke."

"Mzee wangu yupi?"

"Kwani unao wangapi? Mwenye pikipiki ya kitambaa cha kijani kwenye tangi, kile ulichokishona wewe. Nimempigia honi, akageuza uso."

"Alikuwa na nani?"

"Na mama mmoja nyuma. Na viroba viwili vidogo vimefungwa kwa kamba. Usiniulize jina la huyo mama, mimi nilikuwa naangalia kona."

Siku mbili, wifi, nilimjenga yule mwanamke kichwani. Nikampa nyumba, nikampa na watoto. Ugali uliungua, watoto wakaniambia bibi, leo umetupikia mkaa. Nikalia nikamaliza. Nikajiambia dini imemruhusu, akija kunieleza nitamwambia sawa, mlete nimwone, ugawe siku kwa haki. Nilikuwa nimeshayapanga maneno yote.

Siku ya tatu nachambua maharage, nikatoa jiwe, mkono ukasimama hewani. Mwanamke mmoja, hata awe mnene namna gani, haunguzi klachi. Na alizeti ni nyepesi, kiroba kidogo cha alizeti hata mimi nakibeba kichwani huku naongea. Nikamfuata dereva, bado alikuwa anangoja mzigo wa kurudi nao. Nikamuuliza, vile viroba vilikuwaje? Akasema vidogo, lakini tairi la nyuma lilikuwa limebonyea kama limekosa upepo.

Kidogo na kizito ni mawe, wifi. Na njia ile ya Sekenke ni ya machimbo: ni mawe ya dhahabu yanayopelekwa kusagwa.

Sihitaji kukukumbusha marehemu Juma, mdogo wenu wa mwisho. Alitoka huko huko machimboni amefungwa kwenye turubai, na Baba Salma ndiye aliyemwosha. Ulikuwepo alipomshika mama yenu mkono, akaapa kwamba hatatia mguu shimoni maisha yake yote. Mama mpaka leo akisikia mtu anachimba choo anaondoka uwanjani.

Ona nilipofikishwa: mimi, mke wa ndoa, usiku na mchana namwomba Mungu iwe ni yule mwanamke.

Huenda anabeba tu mawe ya watu, na yule mama ndiye mwenye mzigo. Hilo nitalivumilia, klachi tutafunga nyingine. Lakini kama anashuka shimoni mwenyewe, siwezi. Naomba uangalie nguo zake. Nilipokuwa huko alikuwa anazifua mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu tuoane, nami nikafurahi, mjinga mimi. Anayebeba huchafuka mabega. Anayeshuka huchafuka magoti na viwiko. Angalia kabla hajaziloweka.

Na wewe, wifi. Nakupenda, umenilea katika ukoo huu nilipokuja sijui hata kuwasha kuni mbichi. Ila ile chai. Kama ulijua ukanificha ili nisiache kazi, au kwa sababu alikuapisha, nimekusamehe kabla hujaniomba. Yeye najua kinachomuuma, mke kuwa mbali anapikia watoto wa watu na shamba limemkatalia. Sitamsema kwa hilo. Lakini usinichemshie chai nyingine ya namna ile. Umebakiwa na mdogo mmoja wa kiume, mimi nina mume mmoja, na ni mtu yule yule.

Msalimie sana mama mkwe, shikamoo yake, ila hii usimsomee hata mstari. Msalimie ustadhi wa madrasa, mwambie aniombee dua bila kumweleza sababu. Fundi Sungi mpe salamu zangu, namshukuru kwa mikono yake na kwa mdomo wake pia. Salma akipiga simu, mwambie mama yake hajambo.

Mwalimu atakaa mjini siku tatu, kisha atapita tena hapo kwako ndipo arudi. Mpe jibu. Ukiniandikia "usiwe na wasiwasi" nitajua ni shimo, nitaacha masufuria yao jikoni na kuja nilivyo. Niandikie neno moja tu, anabeba au anashuka.

Ni mimi wifi yako, Mama Salma. Tafadhali nijibu upesi.