Glasi Niliyoirudisha Siena

Dada Odilia, kamwene, na wote hapo Lyamkena!

Uwanja wa Siena, hapa Italia, umebonyea kama bakuli, na mnara wake nimeupanda hadi juu, ingawa magoti yalitaka kubaki chini. Tulipokaa kula, mzee mwenye mgahawa alinimiminia mvinyo kidogo, akasimama akisubiri nionje. Mimi niliyekulia kwenye ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nikamrudishia glasi. "Kwetu mwenyeji ndiye anayeanza, mzee, ili mgeni aone kinywaji ni salama."

Mke wangu akanifinya chini ya meza. "Baba Neema, unatuaibisha! Atadhani tunamwita mchawi."

Neema wetu, anayesoma hapa, akatafsiri uso ukiwa umemwiva kwa aibu. Mzee akaweka chupa mezani, nikajua tunatolewa nje. Kumbe! Akavuta kiti, akanywa yote, akasema babu yake naye alikuwa akianza hivyo hivyo, na miaka mingi hajapata mgeni mwenye adabu kama mimi. Nikavimba kama andazi. Kutazama pembeni, mke wangu anamsogezea mzee glasi yake mwenyewe: "Na hii, baba."

Baridi ya huko ikuonee huruma, dada yangu. Tunakupenda sana.

Mdogo wako,
Baba Neema