Shamba la Mwami

Heru Juu, Jumatano 12 Novemba 2014

Nimekasirika, hata ugali umenishinda. Leo tukipanda maharage, tajiri wangu Mzee Bihoga kasema tena nchi imeharibika, utawala wa Mwami, mfalme wa zamani wa watu wa huku, urudishwe. Vibarua wenzangu wakapiga makofi! Eti kesho wote tukalime bure kwa mjukuu wa Mwami.

"Wewe Msukuma, kwenu hamkuwa na mtemi?" akanitania kibarua mwenzangu Bukuru.

"Alikuwepo. Babu alilima kwa mtemi kwanza, akifika shambani mwake mwenyewe mvua imekatika. Watoto walikula mizizi."

Wakarudi kupanda. Mzee akasema asiyekuja kesho atafute kazi kwingine, na ahame chumba alichompa.

Nitakwenda. Nitalala wapi? Mwami hajarudi, na mimi tayari namlimia.