Kesi Uliyoifungua kwa Jina Langu

Chumba namba 4, ghorofa ya tatu,
Mtaa wa Dengfeng, Xiaobei,
Guangzhou, China.

14 Septemba 1999

Mpendwa mdogo wangu Maulid,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta wewe, wifi yangu Hafidha na watoto mkiwa wazima, na kwamba ule mgongo wako umetulia. Mimi sijambo, alhamdulillahi, isipokuwa joto la huku linabandika nguo mwilini kutwa, na miguu imevimba kwa kupanda na kushuka ngazi za maduka ya Zhanqian. Chakula si tabu tena. Tumepata Wachina Waislamu wanaovuta tambi kwa mikono mbele ya macho yako, nasi hujazana mkahawani mwao kila adhuhuri.

Biashara inakwenda. Mji mzima umejaa bendera nyekundu kwa sikukuu yao ya tarehe mosi, nchi yao inatimiza miaka hamsini, na viwanda vitafungwa. Kwa hiyo kila mtu anakimbizana apakie mzigo wa Idi kabla ya hapo. Nami nilikuwa katika mbio hizo mpaka juzi, alipofika kutoka Dar yule Dalila ninayepanga naye chumba, akanipa barua ya Hafidha.

Maulid, sikuzungushi. Nimesoma kwamba mwanao Burhani yuko rumande tangu mwezi wa nane kwa wizi wa robota langu la mashati, lile nililoliacha stoo kwako, na kwamba mlalamikaji ni mimi. Nikarudia kusoma. Mimi! Niko China nakagua vifungo vya mashati, kumbe huko Temeke nimemshitaki mtoto wa ndugu yangu. Ulimpeleka kituoni mwenyewe, ukaandikisha jina langu kwa kuwa mali ni yangu, wala hukunitumia hata salamu.

Najua ulivyofikiri. Wazazi wangapi mtaani kwetu wamefanya hivyo hivyo? Mtoto akiwashinda wanamkabidhi kwa askari, wakitumaini jela itamfunda. Na wewe ni mwalimu wa madrasa, watu wanakuletea watoto wao. Aibu imekuelemea. Kwa aibu sikulaumu. Nakulaumu kwa kudhani kwamba kufuli linatibu ulevi wa unga.

Robota zima ameliuza kwa bei ya kutupa, ndani ya siku mbili, apate kete zake. Huo ni ugonjwa, mdogo wangu, na mimi pia nina langu la kutubia. Ramadhani iliyopita nilipokuwa kwenu nilimwona akisinzia kwenye futari, tende mkononi, mate yanamchuruzika. Nilijua. Nikajiambia baba yake anaona, kwa nini mimi nijitie kimbelembele? Nikafunga mizigo nikaja zangu huku. Linaniuma mpaka leo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi wawili tuliyaficha.

Hafidha anasema hakimu ameahirisha kesi mpaka Jumatatu tarehe 4 Oktoba, na amefungua mlango. Kama mlalamikaji ataandika kwamba hataki afungwe, na baba akatia saini kumdhamini, Burhani atatoka kwa masharti: miezi sita ya matibabu hospitali, kuripoti kwa afisa wa ustawi wa jamii kila wiki, na kurudi mbele ya hakimu kila mwezi aonekane. Akimaliza, kesi inafutwa. Akitoroka, anarudishwa kizimbani kesi iendelee. Na Hafidha anasema wewe umekataa kutia saini, eti hukumzaa mtoto ili uje umdhamini mwizi.

Jioni ile ile nilimfuata Japheth, Mkenya mmoja mnunuzi wa vipuri ambaye hula nasi meza moja. Kabla ya biashara alikuwa afisa wa probesheni Mombasa, msimamizi wa wafungwa wa nje, kwa miaka tisa. Nilitaka aniambie ukweli kama hii ni njia ya kumdekeza mtoto. Akacheka.

"Mama, jela ndiyo rahisi," akaniambia. "Kule mtu analala akingoja siku zake ziishe. Huku kila wiki anaulizwa, umeacha? Wako walionililia niwarudishe wakafungwe."

Hakunificha pia kwamba wengine walirudia unga, wengine mara mbili na mara tatu. Waliosimama imara, alisema, wengi wao walikuwa na mtu wa nyumbani aliyefuatana nao siku ya kuripoti na kukaa nao kwenye benchi. Mtu huyo ndiye hakimu anayemtaka kwako, Maulid. Hataki saini tu.

Sasa sikiliza nilivyokata shauri. Ndani ya bahasha hii, atakayoileta Rahim, mfanyabiashara mwenzetu anayesafiri kesho, mna barua nyingine, ya hakimu. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba mali ni yangu, nimeibiwa kweli, simsingizii mtu wala simfichi, na kwamba nataka mtoto atibiwe na achungwe, asifungwe. Mpe Hafidha aipeleke mahakamani. Usiikalie. Burhani akipata nafuu atakuja kibandani kwangu Kariakoo, afungue kila alfajiri, nami nitamkalia kooni mpaka anichukie.

Wala usiniletee habari ya watu watasemaje. Huku naambiwa "meiyou", yaani hakuna, tangu asubuhi mpaka jioni, nami sibanduki mlangoni mpaka mzigo utoke. Kama wao nimewaweza, wewe niliyekubeba mgongoni utanishindia wapi?

Nisalimie Bimdogo, mwambie mama mdogo kwamba dawa yake ya kuchua miguu nimeipata. Chausiku mpe pole, najua kulala bila habari za kaka yake si kazi ndogo. Hafidha mshukuru kwa kuniandikia bila kukuomba ruhusa, na ole wako umgombeze. Burhani, ukienda kumwona rumande, na uende, mwambie shangazi yake amekasirika sana na anakuja.

Naam, nakuja. Mzigo wa Idi namwachia Dalila aupakie, ukichelewa na uchelewe. Nitashuka Dar Jumamosi tarehe 2 Oktoba, saa nane mchana, kwa ndege itokayo Dubai. Kama utakuwa umekubali kutia saini, njoo unipokee uwanjani, tukumbatiane, tulie kidogo, na Jumatatu twende pamoja. Kama bado unakataa, usije. Nitachukua teksi. Na hiyo Jumatatu hakimu akiuliza baba yake Burhani yuko wapi, nitasimama mimi.

Mola akulainishe moyo, akuponyeshe mgongo, na atulindie mtoto wetu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokufokea,

Mwatima